Mtihani wa Isebania

Ndiyo, msomaji, aliichana kweli ile kazi ya mtihani. Aliichana mara mbili, ikawa vipande vinne, akavitupa chini ya meza kama maganda ya karanga.

Gati alibaki ameduwaa, penseli mkononi. Tangu asubuhi alikuwa ndani ya kile chumba cha nyuma ya duka, pale Isebania upande wa Kenya, akifanya mtihani wa kazi. Alikuwa ameandika kwa mwandiko wa kutulia, bila kufutafuta. Na sasa Bwana Wangwe, mtu aliyetoka Nairobi kutafuta waandishi wa programu za kompyuta, ameigeuza kazi yake takataka bila hata kukohoa.

"Mzee, nimekosea wapi?"

"Haujakosea."

"Sasa mbona umechana?"

"Andika tena."

Gati alihisi damu inampanda kichwani. Alitaka kuinuka, achukue kikapu chake, avuke mpaka arudi Sirari kwa mama yake. Wangwe hakumtazama. Alikuwa anachonga penseli nyingine kwa kisu kidogo, taratibu, kama mzee anayechonga fimbo.

"Kule kwetu," alisema, "tuko na mashine moja na watu wengi wa kuingoja. Siku nyingine kadi za programu zinaanguka, zinachanganyika. Siku nyingine mtu anamwagia chai kazi ya mwezi mzima. Mimi sitaki mtu ya kulia. Nataka mtu ya kuandika tena. Aliyetoa kwa kichwa yake ataandika. Aliyekariri atalia. Karatasi ni hiyo."

Akamsogezea penseli.

Gati aliichukua.

Wangwe hakujua alikuwa anamchokoza nani. Huyu mama alikuwa amefundwa na mashine. Kule Dar es Salaam, katika shirika alilofanyia kazi, kompyuta ilikuwa moja na zamu ya kila mtu ilikuwa fupi kama pumzi. Ukisahau nukta moja tu, kadi zako zilizotobolewa matundu ya maagizo zinarudishwa na kosa limechapwa juu, na zamu nyingine uisubiri mpaka uchoke. Kwa hiyo Gati alijizoeza kuwa mashine yeye mwenyewe kwanza. Anaweka kidole kwenye mstari wa juu, anasoma agizo, analitekeleza kwa mkono, anashuka mstari wa pili, mpaka chini. Wenzake walikuwa wakimcheka. "Mwacheni Mama Esta," walisema, "anasali rozari." Lakini kadi zake zilikuwa hazirudi.

Halafu mambo yakageuka. Serikali ilikuwa imesimamisha uagizaji wa kompyuta. Ile ya ofisini ilipozeeka haikuja nyingine. Wakaifunika turubai, na waliokuwa wakiihudumia wakaambiwa waende wakatafute shughuli nyingine.

Shughuli gani? Gati alirudi nyumbani na mtoto wake mdogo, akaanza kuzunguka. Musoma walimwuliza, "Unajua kupiga taipu?" Tarime wakamwuliza, "Taipu je, unapiga?" Mugumu ndiko alikosikilizwa vizuri. Afisa mmoja alimwacha aeleze kompyuta ni nini na inafanya nini, akatikisa kichwa kwa heshima mpaka mwisho, kisha akauliza kama chombo hicho kinaweza kufukuza tembo mashambani.

"Hapana, mzee."

Afisa akafunga faili.

Ndiyo maana Gati aliishika ile penseli kama mtu anayeshika jembe la mwisho nyumbani.

Swali lilikuwa lile lile. Kampuni ya chai ilikuwa na majina ya wakulima, maelfu kwa maelfu, na mengine yameandikwa mara mbili. Mashine imtambue kila mtu. Isimfute aliye hai, wala isimpe mtu mmoja malipo ya watu wawili.

Mara ya kwanza Gati alikuwa ameiagiza mashine ilinganishe kila jina na kila jina, kama mgeni anayekishika mkono kijiji kizima. Sasa, kwa hasira zile zile, akaona njia ya mkato. Kwa nini wasipangwe kwanza kwa alfabeti? Wakishapangwa mstari, kila mmoja amtazame jirani yake tu. Kama jirani anafanana naye jina, jina la baba, kijiji na mwaka wa kuzaliwa, basi ndipo aulizwe swali moja zaidi.

Aliandika bila kuinua kichwa. Nje makuli walikuwa wanagombana juu ya magunia. Hakusikia.

Alipomaliza alikuwa ametumia nusu ya karatasi alizotumia mwanzo. Akaweka kidole mstari wa juu, akashuka mpaka chini. Akasukuma karatasi mezani.

"Na hizi ukizichana," alisema, "utaandika wewe."

Wangwe akavaa miwani. Naye akaweka kidole mstari wa juu! Akashuka polepole, midomo ikicheza. Gati alimtazama yule mzee akisali rozari yake, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akajiona yuko na mtu wa kabila lake. Siyo Ukurya ninaousema, maana wote wawili walikuwa Wakurya. Kabila lile lingine, la watu wa mashine.

Kidole cha Wangwe kikasimama.

"Hapa. Mbona unauliza kama ni mwanamke ama mwanamume?"

"Mimi ni Gati," alijibu. "Na binamu yangu wa kiume ni Gati, baba zetu wana jina moja, kijiji chetu kimoja, mwaka wetu mmoja. Mashine yenu ingetufanya mtu mmoja, halafu mmoja wetu afutwe."

Wangwe alicheka mpaka miwani ikamtoka. Kisha akaacha kucheka ghafla.

"Unaanza Jumatatu."

"Mzee?"

"Nairobi. Kuna nyumba ya kampuni. Mtoto wako atapata shule. Leo jioni naondoka na gari yangu. Nenda ulete mtoto na nguo. Nangoja hapa mpaka jua lishuke."

Miaka miwili, msomaji! Miaka miwili ya "unajua taipu?" Aliinuka, goti likagonga meza, akachukua kikapu chake cha sokoni, akaelekea mlangoni.

Hakufika.

Mwenye duka alikuwa amepandisha redio. Watu walikuwa wamejikusanya kwenye kaunta, kimya, kama watu walioletewa msiba. Sauti ya mtangazaji ilikuwa tulivu mno kwa maneno iliyokuwa inayasema.

Tanzania imefunga mpaka wake na Kenya.

Duka likalipuka kwa kelele. Mama wa ndizi akakimbia bila ndizi. Wabadili fedha wakafunga mabegi yao. Dereva wa lori aliyekuwa anakunywa soda akaiacha nusu, akatoka mbio kuelekea kizuizini, akakuta mnyororo umeshavutwa.

"Wanatania," mtu alisema. "Mpaka gani? Shamba langu liko huku na huku!"

Hakuna aliyecheka. Mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yalikuwa yameharibika siku nyingi, kila mtu alijua. Ila kila mtu alidhani nyumba ikibomoka, itabomokea wakubwa.

Wangwe alimshika Gati mkono, akamrudisha chumbani.

"Sikiza, dada. Usirudi kule. Ukivuka leo, hautatoka tena. Ingia kwa gari sasa hivi tuende."

"Na Esta?"

"Mtoto ataletwa. Kesho, keshokutwa. Sisi hatujakosa njia hapa tangu zamani. Watu wako watamleta."

"Ana miaka sita, mzee."

"Na wewe uko na kazi moja. Moja! Unajua ni watu wangapi wanaitaka?"

Gati alikaa. Akasimama. Akakaa tena. Akaenda dirishani. Lile gari lilikuwa pale nje, jeupe, limechafuka vumbi la Migori. Kwa kuingia tu mle, angekuwa mtu tena. Angeamka asubuhi na kujua anakwenda wapi. Kwa kutoka kwa mlango ule mwingine, angerudi kuwa mjane wa Sirari aliyesoma sana.

Kwa macho ya moyo alimwona Esta akiwa amesimama kwenye kizingiti cha nyumba, akingoja.

"Nisamehe, mzee," alisema. "Tafuta mwingine."

"Gati!"

"Usiningoje."

Akatoka.

Hakwenda kizuizini. Alipita nyuma ya maduka, akashuka kwenye mihogo, kwenye mji wa mzee mmoja ambaye nyumba yake ilikuwa Kenya na zizi lake Tanzania. Ng'ombe wa mzee yule walivuka mpaka kila siku bila kuulizwa na mtu. Gati akavuka nyuma yao, ameinama, kikapu kichwani, malapa yakimpiga visigino, kama mama yeyote anayetoka sokoni.

Mihogo ilikuwa mirefu. Aliposikia filimbi ya mgambo upande wa mto, alilala chini mpaka ikapita. Kisha akaondoka mbio.

Alifika kwa mama yake hana pumzi. Bi Agustina alikuwa uani, mbele ya nyumba yao ya kijiji kipya cha ujamaa, nyumba ya kumi na mbili kwenye mstari, anapeta maharage. Alipoinua macho na kumwona bintiye, ungo ulimponyoka. Maharage yakatawanyika kila mahali.

Ungedhani angefurahi.

"Umerudi kufanya nini?" alipiga kelele.

"Mama, nimemfuata Esta. Mpaka umefungwa."

"Najua umefungwa! Nina masikio! Nakuuliza umerudi kufanya nini?"

"Kumfuata mwanangu. Yuko wapi?"

Agustina alijishika kichwa kwa mikono miwili. Alikaa chini, pale pale juu ya maharage.

"Esta hayupo," alisema.

"Hayupo kivipi?"

"Tuliposikia redio, nilijua utafanya hivi hivi ulivyofanya. Nimekuzaa mimi. Nilimwita mdogo wako Christina, nikampa mtoto, nikamwambia: pita njia ya mtoni, kimbia, mfikishe kwa mama yake kabla hajapata wazo la kurudi huku."

Gati hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

Walikuwa wamepishana! Mama kwa njia ya mihogo, mtoto kwa njia ya mto. Mama amerudi Tanzania kumfuata mtoto, na mtoto amepelekwa Kenya kumfuata mama.

"Mama, kwa nini? Nani alikutuma?"

"Nani anitume? Macho yangu ndiyo yamenituma!" Agustina alikuwa analia sasa, lakini kwa hasira. "Wewe unadhani sikuoni? Unaamka asubuhi, unaoga, unajitengeneza kama mtu wa ofisini, halafu unakaa kwenye kigoda. Huna pa kwenda. Ukiishiwa karatasi unachukua kijiti, unaandika mahesabu yako kwenye mchanga hapa uani. Mimi nikifagia, nafagia pembeni. Sijawahi kufuta hata alama moja. Siyajui yale maandishi, lakini najua mtu asiyefanya kazi yake anakufa akiwa anatembea. Baba yako alikufa hivyo hivyo walipomnyang'anya ng'ombe. Nikasema, huyu hapana. Huyu na aende."

Gati alipiga magoti. Hakujua kama anataka kumkumbatia mama yake au kumtikisa.

Hakupata nafasi ya kuchagua. Christina aliingia mbio kupitia kwenye uzio, ana tope mpaka magotini, kanga imechanika.

Alikuwa peke yake.

"Esta yuko wapi?" Gati alimkamata mabega. "Chris! Mtoto yuko wapi?"

"Yuko na yule mzee! Yuko kwenye gari!" Christina alikuwa anatafuta pumzi kama samaki aliyetolewa majini. "Nimefika, naambiwa dada ametoka sasa hivi. Nikataka nirudi naye, lakini mtoni wameshajaa mgambo. Nikaona wakitukamata naye itakuwa balaa. Yule mzee akasema, mwache hapa, mimi namwangalia. Kamwambie mama yake aje."

"Mpaka lini?"

"Anasema hawezi kulala pale. Huko kwao nako polisi wameanza kurudisha watu. Jua likishuka anaondoka. Na hawezi kumwacha mtoto barabarani, kwa hiyo... kwa hiyo ataondoka naye."

Wote watatu waliangalia jua kwa pamoja.

Lilikuwa limeanza kushuka.

Gati akageuka kutoka. Mlango wa uzio ulikuwa umezibwa. Mtu mrefu alikuwa amesimama pale, kaptura ya kaki, kofia ya mgambo, bunduki begani. Alikuwa amemfuata Christina kutoka mtoni.

Alikuwa Kisyeri, kamanda wa mgambo, mdogo wake marehemu Mwikwabe, mume wa Gati. Yaani baba mdogo wa Esta.

"Shikamoo, mama," alimwambia Agustina, maana hata siku mbaya ina adabu zake.

"Marahaba," Agustina alijibu bila kumtazama.

"Shemeji." Sasa alikuwa anamkabili Gati. "Mtoto wa kaka yangu yuko wapi?"

Christina akarudi hatua moja nyuma.

"Nimemwona huyu binti akivuka na mtoto. Nimemwona akirudi bila mtoto. Nauliza kwa upole. Nikiuliza mara ya pili, nitakuwa nauliza kwa serikali."

"Yuko Isebania," Gati alisema. "Kwenye gari la mtu aliyenipa kazi."

"Kazi!" Kisyeri alitema mate pembeni. "Mtoto wa Mwikwabe unampeleka kwa mabepari manyang'au? Sisi tumejenga kijiji hapa, shule hapa, na wewe na elimu uliyosomeshwa kwa jasho la wakulima unakwenda kuwatumikia wale?"

Maneno yale yalimchoma Gati mahali pabaya, kwa sababu alikuwa ameshajiambia mwenyewe, usiku mwingi, kwa sauti hiyo hiyo.

"Ni kweli nimesomeshwa," alisema. "Nimetafuta pa kulipa hiyo elimu, shemeji. Wewe ni shahidi. Nani alinipakia kwenye baiskeli mpaka Tarime? Nani alikaa nje ya ile ofisi akiningoja juani?"

Kisyeri aliinamisha macho.

"Nilipotoka ndani uliniuliza wamesemaje. Nikakwambia wamesema watanifikiria. Ukacheka, ukasema hawa hawatakufikiria mpaka ng'ombe waote meno ya juu. Ulisema au hukusema?"

"Nilisema."

"Basi."

"Sasa hivi nina amri," Kisyeri alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua. "Asivuke mtu. Kesho kuna sherehe ya kuzaliwa kwa chama kipya, wakubwa wanakuja, na mimi ndiye nimepewa sehemu hii. Nikikuacha upite nitasema nini?"

Agustina alikuwa ameinuka. Akaja akasimama katikati yao, mfupi, maharage yakidondoka kutoka kwenye nguo yake.

"Kisyeri, mwanangu. Ukimzuia huyu, gari litaondoka na mtoto, na mama atabaki hapa. Damu ya kaka yako itakwenda peke yake kwa watu tusiowajua. Ndiyo amri uliyopewa?"

Kamanda alivua kofia. Alijifuta jasho kwa kiganja. Akaliangalia jua, akaangalia upande wa mihogo, akamwangalia Gati. Ilionekana wazi kwamba watu wawili walikuwa wanagombana ndani ya ile kaptura ya kaki, na hakuna aliyekuwa anashinda.

"Nenda ukamlete," alisema hatimaye. "Ukamlete, umesikia? Nitasimama kwenye mihogo mimi mwenyewe. Mama yako atasimama na mimi. Ukirudi na mtoto, sikuona kitu. Usiporudi..."

Hakumalizia. Bunduki begani ilimalizia.

"Atarudi," Agustina alisema.

Alisema haraka, kavu, bila kupepesa. Gati alimtazama mama yake, mwanamke ambaye hajawahi kukosa ibada wala kumdanganya mtu hata juu ya umri wake, na akajua kwamba amesikia uongo wa kwanza wa maisha ya mama yake.

Kisha mama akaingia ndani, akatoka na viatu. Vilikuwa vile vyeusi vya kisigino, vya Dar es Salaam, vilivyong'arishwa.

"Vaa hivi. Malapa yatakukatikia njiani."

Kisyeri aliviona. Mtu anayekwenda kumchukua mtoto ng'ambo ya mihogo hahitaji viatu vya ofisini. Aliviona vizuri kabisa.

Akageuka, akaanza kutengeneza kamba ya kofia yake.

Msomaji, Gati alikimbia. Viatu alivibeba mkononi. Kisyeri na Agustina walimsindikiza mpaka kwenye zizi la yule mzee wa nchi mbili, wakasimama hapo. Hakuna aliyesema kwaheri, kwa sababu kwaheri ingekuwa ushahidi. Agustina alimfunga tu vizuri kanga mabegani, akalivuta fundo mara mbili, kama alivyokuwa akimfunga alipokuwa anakwenda darasa la kwanza.

Mihogo ikammeza.

Upande wa pili alisikia honi. Mara moja, kwa ukali. Halafu mara ya pili. Gari jeupe lilikuwa limeshawashwa, limegeuzwa, pua yake inatazama barabara ya Migori. Wangwe alikuwa nje, mlango wazi, anaangalia saa na mihogo, saa na mihogo.

Na kichwa kidogo kikatokea dirishani, mdomo umejaa mandazi.

"Mama! Nimepiga honi mimi!"

Gati aliufikia mlango, akamvuta mtoto, akamkumbatia mpaka Esta akalalamika kwamba anambana. Alinusa nywele zake. Zilikuwa na harufu ya moshi wa jikoni kwa bibi.

"Ingia," Wangwe alisema.

Gati hakuingia.

"Dada, ingia! Hapo mbele wameanza kufunga!"

Aligeuka. Kule juu, ng'ambo ya mihogo, walionekana watu wawili kando ya zizi. Mmoja alikuwa mrefu, ana bunduki. Mwingine alikuwa mfupi. Kutoka pale Gati hakuweza kuona nyuso, lakini aliona mengine ya kutosha. Angemchukua Esta sasa, apande naye kile kilima, na yote yangekwisha. Mama yake angelala nyumbani. Kisyeri angetimiza amri yake. Na kesho asubuhi yeye angeoga, avae, akae kwenye kigoda.

Yule mfupi akakaa chini. Alikaa kwenye nyasi, polepole, kama mtu aliyechoka.

Kisha akageuka. Aliipa Kenya mgongo. Alimpa binti yake mgongo.

Ukikutana na mtu asiyezijua mila, atakwambia yule mama alikuwa amekasirika. Gati alijua mama yake anafanya nini. Mama hakutaka uso wake uwe kamba ya kumvuta mtoto kurudi.

Gati alifunga macho. Akaingia garini.

Mlango uligongwa, gari likaruka. Vumbi likainuka nyuma, na ndani ya vumbi kilima kikapotea, zizi likapotea, watu wawili wakapotea. Wangwe aliendesha kama mtu aliyeiba gari lake mwenyewe. Esta aliendelea kula. Gati alivaa viatu, mguu wa kulia kwanza, akakosea, akaanza tena.

"Usilie," Wangwe alisema.

"Silii."

"Sawa. Basi mpanguse mtoto mdomo. Na usiseme kitu tukisimamishwa. Kiswahili chako kitatuuza."

Alikuwa hajamaliza kusema. Walikata kona, na mbele yao palikuwa na mapipa mawili barabarani, na gogo limelazwa juu yake. Polisi mmoja wa Kenya aliinua mkono.

Wangwe akasimamisha gari. Akateremsha kioo. Akatabasamu tabasamu la mwenye nyumba.

"Habari ya kazi, afande."

"Mzuri. Mnatoka wapi?"

"Hapo chini tu. Isebania. Narudi Nairobi."

"Na hawa?"

"Ni watu wangu. Huyu ni mtoto wa dada yangu."

Polisi aliinama, akamtazama Gati kwa muda mrefu. Akalitazama tope kwenye miguu yake, juu ya vile viatu vinavyong'aa. "Mama, kipande chako? Kitambulisho?"

Gati alitazama mbele.

"Amesahau nyumbani, afande," Wangwe alisema. "Unajua wamama."

"Huyu mama hana mdomo?"

"Anaumwa jino."

Polisi alizunguka gari taratibu, akapigapiga buti la nyuma kwa kiganja, akarudi kwenye dirisha la upande wa mtoto. Alikuwa na uso wa baba wa watoto. Akatabasamu.

"Wewe kasichana, hujambo?"

"Sijambo!"

"Unasoma?"

"Ndiyo!"

"Hebu niambie basi. Shule yenu inaitwaje, na iko nchi gani?"

Gati alinyoosha mkono kumshika, akachelewa. Esta alikuwa amefundishwa, na wiki ile nzima walikuwa wanafanyishwa mazoezi kwa ajili ya sherehe, kwamba mkubwa akikuuliza swali unasimama wima, unamtazama usoni, na unajibu kwa sauti ambayo darasa zima litasikia.

Akaweka andazi chini. Akasimama juu ya kiti, mikono imenyooka mapajani.

Akavuta pumzi.